Jinsi ya Kutoboa Dari Bila Kukiua Chumba

Kwanza kabisa, mnyang'anye fundi msumeno. Mpe kiti, mpe chai, ila msumeno ukae kwako mpaka muelewane. Fundi mwenye msumeno huona tundu la spika tu. Haioni sufu ya kioo iliyolala juu ya jipsamu, uliyoinunua kwa fedha yako ili joto la mabati lisikushukie mchana na mvua isiyameze mazungumzo.

Sufu hiyo inakinga kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Ukiigandamiza, kinga inapungua. Ukiing'oa ili spika ipate nafasi, joto limepata njia. Halafu kuna majirani. Spika nyingi za dari ziko wazi kwa nyuma, kwa hiyo hutoa sauti pande zote mbili. Taarab ya upande wa chini utaisikiliza wewe. Ya upande wa juu itatembea darini na kumshukia mwenye chumba cha pili, ambaye hakuiomba na kesho anaamka alfajiri.

Dawa yake ni sanduku. Nunua spika zenye sanduku nyuma yake, au mchongeshe fundi la MDF, kwa ukubwa ule unaotajwa na mtengenezaji wa spika, kwa sababu sanduku dogo mno huikaba besi. Sanduku likishakaa, rudisha sufu juu yake ilale kwa raha zake, kisha ziba kila upenyo kwa silikoni, hata ule wa kupitishia waya. Hapa usimwonee fundi haya: panda ngazi na tochi, ukague mwenyewe. Taa za halojeni zilizo jirani zisifunikwe na sufu kamwe. Zinachemka, na moto hauna mzaha.

Mavazi ya kuishika sufu: barakoa, glovu, miwani, mikono mirefu. Fundi akisema amezoea, mtazame anavyojikuna.

Waya wa spika usilale bega kwa bega na waya wa umeme wa volti 230, usije ukasikia mvumo badala ya kinanda. Zikilazimika kukutana, zipishane msalaba. Spika mbili za ohm 8 zilizounganishwa sambamba zinakuwa ohm 4, kwa hiyo isome amplifaya kwanza kama inazimudu. Uzito nao usiachiwe jipsamu peke yake: funga kila spika na sanduku lake kwenye mbao za kenchi kwa waya wa chuma, maana chini yake watakaa watoto.

Jaribu sauti kabla ya kupaka rangi. Na kama dari imeshafungwa, na fundi anakwambia sanduku ni ushamba, mlipe nauli aende zake, kisha nunua spika za kufunga ukutani. Zitalia vizuri, na sufu yako itabaki nzima.