Yah: Maombi ya Kupewa Msafara

Mheshimiwa Mwenye Msafara,
Siti ya Nyuma, Kushoto,
Nyuma ya Kioo Cheusi,
BARABARA KUU.

YAH: MAOMBI YA KUPEWA MSAFARA KWA AJILI YA KUBANA MATUMIZI YA MAFUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupa pole kwa majukumu mazito ya kulijenga taifa, na hongera kwa kufika salama kule ulikokuwa unawahi siku ile. Sisi tuliokupisha nasi tulifika, wengine siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa, kila bei ya mafuta inapopanda, mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikishatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi na vijiwe vikaanza kuchemka, hakosekani mtaalamu wa kutushauri tupunguze mwendo barabarani ili mafuta yatoshe. Wazo si baya, wala si geni. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipoipaisha bei, Shirika la Kimataifa la Nishati liliziandikia nchi tajiri orodha ya mambo kumi ya kufanya, na la kwanza lilikuwa hilo: shusheni mwendo wa barabara kuu kwa angalau kilomita 10 kwa saa. Mwaka 2011 Hispania ilishusha kutoka 120 hadi 110, ikabandika stika juu ya vibao, na baada ya miezi michache ikazibandua. Hata hapa kwetu wazee wanasimulia enzi za Mwalimu Nyerere, magari binafsi yalipopigwa marufuku kutembea Jumapili mchana.

Kwa hiyo naunga mkono hoja, mia kwa mia. Upepo hauna itikadi: gari likitoka 80 kwenda 140, nguvu ya hewa inayolipinga inakuwa mara tatu, na shangingi, ambalo kwa umbo ni kabati la nguo lililofungwa magurudumu, linaupokea upepo huo kifua wazi.

Nina swali moja tu, nalo nauliza kwa unyenyekevu. Apunguze nani?

Maana sisi tulishapunguza. Basi ninalopanda mwisho wake ni 80, na limefungwa kifaa cha VTS cha kufuatilia mwendo, ambacho dereva akijisahau kinamchongea kwa wakubwa kabla abiria hawajashtuka. Likifika penye nyumba mbili na genge la mkaa, kuna kibao cha 50. Baada ya kibao kuna rasta, baada ya rasta kuna tuta, na baada ya tuta, kwenye kivuli cha mkorosho, kuna afande na tochi ya kupimia mwendo. Wamarekani walipobanwa na uhaba wa mafuta, Rais Nixon alisaini sheria Januari 1974 ya kuwapeleka maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi. Walinung'unika miaka ishirini na zaidi, mpaka ilipofutwa mwaka 1995. Sisi dharura ya Mmarekani ndiyo ratiba yetu ya kila siku, tena tumemzidi kwa kupunguza nane.

Huyo Nixon, kwa yote aliyolaumiwa nayo, Desemba 1973 alipanda ndege ya abiria kutoka Washington hadi Los Angeles, akasafiri na abiria wengine, ili aonekane naye anabana mafuta. Yawezekana yalikuwa maigizo. Lakini alijisumbua kuigiza, Mheshimiwa. Ninyi hata kuigiza mnaona kazi.

Nikukumbushe siku yenyewe, kwa kuwa vioo vyako haviruhusu kuona vizuri. Ilikuwa Chalinze, pale barabara ya Tanga inapoikuta ya Morogoro. Tulisimamishwa jua la saa saba. Mbele yetu malori, nyuma yetu malori, katikati matangi ya mafuta yanayokwenda Lubumbashi na Kigali, yote yananguruma pale pale yaliposimama. Lori kubwa likiunguruma bila kutembea hunywa lita mbili tatu kwa saa. Hesabu foleni ile kutoka mizani mpaka stendi, kisha uniambie kibao gani cha 50 kitazirudisha lita zile.

Konda alimfuata afande aliyekuwa katikati ya barabara. "Afande, tunakaa sana?"

"Dakika tano. Mkubwa anapita."

Dereva wetu, mtu anayeijua bei ya dizeli kuliko anavyoijua namba yake ya NIDA, akazima injini. Kiyoyozi kikafa. Mama aliyekaa na mtoto mbele yangu akamvua fulana, akaanza kumpepea kwa tiketi. Vijana wa mayai ya kuchemsha wakatuuzia, wakaishiwa, wakaenda kuchemsha mengine, wakarudi. Dakika tano zikawa bado hazijaisha.

Nyuma yetu kulikuwa na gari la wagonjwa. Liliwasha king'ora likitafuta upenyo. Likaamriwa likizime, kisichanganyike na chako.

Kisha ukapita. Pikipiki mbili, gari la taa za bluu, halafu mashangingi, moja, jingine, jingine, tukachoka kuhesabu, yote 140 kwenda juu, na vumbi la bega la barabara likatuingia madirishani kama salamu zako rasmi. Mwisho kabisa, unajua kilichopita mwisho kabisa? Gari la wagonjwa. Jipya, linang'aa, tupu, likimsindikiza mtu mzima mwenye afya zake. Lile la kwetu, lenye mtu ndani, lilikuwa bado limezimwa king'ora. Sijui mgonjwa yule aliishia wapi. Wewe uliulizia?

Turudi kwenye adabu.

Tuliporuhusiwa, tukaondoka, na kabla ya kijiji cha pili tukasimamishwa tena. Afande alikuwa na simu mkononi. Mwenzake wa kwenye mkorosho alishamrushia picha yetu kwa WhatsApp. "Dereva, 54."

"Afande, nilikuwa napunguza."

"Hamsini ni hamsini."

Faini elfu thelathini. Dereva akaomba aulize jambo moja, akaruhusiwa. "Wale waliopita sasa hivi, tochi imewasoma ngapi?" Afande akaangalia barabara, akaangalia mkorosho, akamrudishia leseni. "Nenda, usiharibu siku yangu."

Mheshimiwa, baada ya kutafakari sana, ndani ya basi lililozimwa kiyoyozi mtu hutafakari sana, nimegundua kuwa tumekuwa tukikuonea. Gari linakula mafuta mengi linaposimama na kuondoka, linapokamata breki kwenye tuta na kukanyaga tena. Gari lisilosimama popote, lisiloona taa nyekundu, lisilojua tochi wala mizani, lingekuwa mfano wa kubana matumizi kama lingekwenda 80. Yaani ninyi mmeshagundua dawa, mmekosea dozi tu. Na dawa ikiwa nzuri hivyo, si haki kuwanyima wenye kuumwa. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, utaratibu wa msafara uteremshwe hadi ngazi ya mtaa, na kila mwananchi apewe wake kwa zamu.

Taratibu zisikutie wasiwasi, tunazijua. Mwombaji ataanza kwa mjumbe, apate barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mtendaji wa kata agonge muhuri. Picha mbili za pasipoti, mandhari ya bluu. Nakala ya kitambulisho. Namba ya kumbukumbu ya malipo itatoka mtandao ukirudi.

Wa kwanza kupewa msafara, kama utaridhia, awe mama wa nyanya wa Ilula. Sababu za kitaalamu zipo: nyanya haisubiri. Kikao kinaweza kuahirishwa na posho ikabaki pale pale, lakini nyanya iliyokaa juani Chalinze hufika soko la Ilala ikiwa tayari mchuzi, na hasara hiyo haina fungu la bajeti. Basi siku yake ikifika, barabara ifungwe kuanzia Mikumi. Mbele pikipiki mbili, zimeng'arishwa. Halafu gari la king'ora. Halafu Fuso lenyewe, matenga yamefungwa kamba vizuri, mama mwenyewe mbele na dereva, kitenge kipya, dirisha wazi kwa kuwa hana cha kuficha. Nyuma yake mhasibu wa vikoba, katibu wa vikoba, na wajumbe waalikwa wa vikoba, kila mmoja na gari lake, maana sijawahi kuelewa kwa nini watu wanaokwenda sehemu moja wapande gari moja. Wanafunzi watolewe darasani wapange mstari na bendera, wapunge. Mkuu wa wilaya ampokee mpakani mwa wilaya, na wa wilaya inayofuata ampokee upande wa pili wa mpaka huo huo, hatua tatu mbele.

Wewe, Mheshimiwa, siku hiyo utakuwa umeegeshwa bega la barabara. Usijali, ni dakika tano. Dereva wako ataombwa azime injini, kwa kuwa tunabana mafuta, na vioo vitashushwa, kwa kuwa kiyoyozi nacho ni mafuta. Utauona kwa mara ya kwanza mji wa Chalinze ukiwa na rangi zake halisi. Utanunua mayai mawili na chumvi yake kwenye kipande cha gazeti. Ukiuliza kinachoendelea utajibiwa kwa nidhamu: "Tulia, mzee, Mama Nyanya anapita." Utatazama saa. Kikao chako cha kujadili matumizi ya mafuta kitakuwa kimeanza bila wewe, na nchi, kwa kushangaza kabisa, itaendelea kuwepo.

Atapita. Utadhani kwisha, dereva wako atashika ufunguo, na afande atamwonyesha kiganja: bado. Utingo alibaki nyuma kununua miwa Mikese, na sasa anakuja peke yake kwenye pikapu, 140, taa zimewaka mchana kweupe, akiukimbiza msafara uliokwisha kupita. Naye apishwe. Ni sehemu ya msafara.

Maombi mengine ni ya kawaida, nayaorodhesha ili nisikupotezee muda.

Mwendo ushushwe, uwe 60, uwe 40, tutatembea. Uanzie kwenye gari lenye bendera.

VTS ifungwe na kwenye magari ya Serikali yenye namba za STK. Sauti yake si mbaya, sisi tumeshaizoea.

Mashangingi yanayomsubiri bosi nje ya ukumbi wa semina, pale chini ya mwembe Morogoro na Dodoma, injini inaunguruma tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana ili siti isipate joto, yazimwe. Siti itavumilia.

Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Inakwenda mpaka 160 bila tone la dizeli. Wapo waheshimiwa wachache wanaoipanda, tunawashukuru, wawafikishie wenzao habari.

Mashimo yazibwe. Dereva anayekwepa shimo anakamata breki, na breki ni mafuta.

Mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini fedha ile ilikuwa yetu kabla ya kuwa ruzuku, na sehemu yake ilipitia bomba lile lile linalojaza tangi la shangingi. Mtu anayelipia mafuta yake, akalipia ya kwako, halafu akasimamishwa juani ili ya kwako yaungue haraka zaidi, huyo humhubirii kubana matumizi. Huyo unatakiwa umwogope, na bahati yako ni kwamba amezoea kusubiri.

Nikirudi kwenye lugha ya ofisi: naomba kujibiwa ndani ya siku 14 za kazi. Nikikosa jibu nitachukulia kuwa kibali kimetoka, nami nitakiona kibao cha 50 kama dereva wako anavyokiona.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria, siti ya dirishani, upande wa jua.

Nakala:
Afande wa kwenye mkorosho: kwa taarifa.
Mama wa nyanya, Ilula: kwa maandalizi.
Dereva wa Mheshimiwa: hana kosa, huambiwa "kanyaga", naye ana watoto wa kusomesha.