Kumi Toa Kuku

Mzazi mwenzangu, siku mwalimu wa awali akikwambia "tumieni vitu vilivyopo nyumbani", kimbia ukafunge stoo kwanza, maswali utauliza baadaye. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa nimekalia kile kidawati cha watoto, magoti yamefika kidevuni, na katika maneno yote ya kikao kile nililosikia ni moja tu: hakuna cha kununua. Mtoto mdogo, mwalimu alisema, anajifunza kwa kucheza. Ahesabu visoda, achambue mbegu, afinyange herufi, ategewe vitendawili. Akatukumbusha kuwa serikali yenyewe Desemba 2021 ilizindua programu ya malezi na makuzi ya watoto kuanzia sifuri hadi miaka minane, yenye nguzo tano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hiyo ya tano inamhusu mtoto. Kwa hali ya nyumbani kwangu, wangeiongezea na baba.

Tunakaa Mandewa, hapa hapa Singida mjini, na kabla sijaendelea inabidi nikutajie majeshi. Mke wangu, Mama Neema, humu ndani ni CAG. Hakuna kibaba cha unga kinachotoka kwenye ndoo bila yeye kujua kimekwenda wapi, na ripoti yake husomwa hadharani, wakati wa chakula cha usiku, mtuhumiwa akiwa na tonge mkononi. Neema mwenyewe ana miaka sita, naye ni Wakili: ukimwambia akalale anataka kujua ni kwa kosa gani. Mdogo wake wa miaka minne anaitwa Katapila. Hilo sina haja ya kulieleza. Mama mkwe ni Balozi, ingawa jina hilo haliendi mbele yake. Mbele yake ni "Mama", na kichwa kinainama. Alitoka Ikungi kuja kutusalimia, na salamu bado zinaendelea. Halafu yuko shemeji yangu, Profesa, aliyekuja kupumzika baada ya mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa wa nini, hatujawahi kuambiwa.

Profesa ndiye aliyejiteua kuwa mwalimu mkuu.

Tukaanza na hesabu. Nyuma ya mlango nilikuwa na kiroba cha mbegu ya alizeti, Record safi, nimeitunza nikisubiri mvua. Wewe wa Bukoba au Tanga unaweza usinielewe, huko mvua zinapishana. Huku kwetu msimu ni mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, zikifika Aprili zimeaga, na aliyechelewa kupanda anakaa mwaka mzima akisifia mashamba ya wenzake. Na mimi kazi yangu ni kupima magunia kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta, kwa hiyo usiniambie sijui thamani ya punje. Profesa akaamua kwamba visoda vinakata vidole, mbegu ndiyo zana salama. Wakaketi uani, wakapanga mafungu ya kumi kumi.

Kujumlisha kulikwenda vizuri sana. Ilipofika kutoa ndipo nyumba ilipoingia nyufa. Profesa, mtu wa mifano, akasema: "Tuna mbegu kumi. Kuku amekula tatu. Zimebaki ngapi?" Katapila hakuona kwa nini kuku asingiziwe wakati yupo. Akamleta.

Kuku wa Singida unawajua. Ndio hao wanaopandishwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, na watu wa kule wanawasifu kwa utamu wa nyama, wanadhani ni hewa. Huyu hakula tatu. Alikula fungu zima, akamtazama Profesa, akasubiri swali la pili. Wakili akaandika mchangani, akasoma kwa sauti: "Kumi toa kuku, sifuri." Na jibu lilikuwa sahihi, hapo ndipo linaponiuma. Niliporudi jioni darasa lilikuwa limeshafika mamia, kiroba kimenywea, na banda zima limeshiba kiasi kwamba ukimfukuza kuku anageuka tu kukuangalia. CAG aliliita jambo hilo "matumizi yasiyo na viambatisho". Nikalazimika kununua mbegu nyingine. Kumbe kilichopo nyumbani nacho kina bei, ila inachelewa kufika.

Wakati huo Profesa alikuwa ameshahamia kwenye KKK. Hizi ndizo zilizopewa kipaumbele kwenye mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa 2015: kusoma, kuandika na kuhesabu. CAG anasema mdogo wake naye ana KKK zake: kula, kulala na kukodolea runinga. Lakini runinga yenyewe anaitetea kwa hoja za kielimu, na kusema kweli hoja anazo. Ubongo Kids, zile katuni zinazotengenezwa kwetu Dar es Salaam na kurushwa tangu 2014, zimemfundisha Wakili mambo ya hesabu ambayo mimi niliyapata kwa fimbo. Wadogo nao wana yao, Akili and Me, ya binti wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro. Kila anapolala, Akili anaingia kwenye nchi ya ndoto na huko ndiko anakojifunza herufi na namba. Njia hiyo ya kujifunza usingizini Profesa ameikubali moja kwa moja. Anaifanyia mazoezi mpaka saa nne asubuhi.

Kuandika tulikufanyia jikoni. Jumapili CAG alikuwa anasukuma chapati, Wakili akaomba donge la kuandikia jina lake. Zikatoka N, E, E, M na A, zikakaangwa kwa mafuta ya alizeti, E mbili zikashikana kikaangoni zikawa kitu ambacho hakimo katika alfabeti yoyote. Tulifurahi. Bahati mbaya akapita mzee wa kanisa, na CAG hana tabia ya kumwacha mgeni akae mkavu, akampelekea sahani kabla hajaikagua. Mzee akala A. Katapila alipoona hivyo akaangua kilio, kwamba dada yake sasa anaitwa Neem na hatarudi tena. Mzee wa watu akabaki ameshika kikombe, hajui kama aombe radhi au aombe nyingine. Mpaka leo wakigombana Katapila anamwita dada yake Neem, na dada yake anamjibu kwamba A yake iko salama kanisani.

Sasa kusoma. Mwalimu alituambia mtoto asome chochote kilicho mbele yake: pakiti ya chumvi, kibao cha duka, maandishi ya kwenye basi, kanga. Kwenye kanga alipaswa kuweka angalizo. Mke wangu ana kanga moja aliyoinunua kwa makusudi maalumu, kwa heshima ya jirani yetu ambaye mtaa mzima unamjua kama Redio Mbao. Hajawahi kumtolea neno baya hata siku moja. Hujifunga tu, akapita nayo taratibu kwenda bombani. Ndiyo ustaarabu wa kanga, imesema yenyewe, mwenyewe hajasema.

Basi Redio Mbao akaja kuazima kinu. Wanasalimiana vizuri, habari za watoto, habari za vitunguu huko sokoni Misuna, mara Wakili akasimama nyuma ya mama yake, kidole kwenye pindo, akaanza kwa ile sauti ya darasani: "M-ta-se-ma... m-cha-na..." Mama yake akageuka. Mtoto akageuka naye, akalifuata pindo. "U-si-ku... m-ta-la-la." Halafu, kwa ukarimu, akamwambia mgeni: "Mama alisema hii ni yako."

"Anasoma kwa ufahamu!" Profesa alipiga kelele kutoka ndani.

Kinu kiliazimwa, maana asingeweza kuondoka mikono mitupu baada ya hapo. Hakijarudi. Na uso wa kwenda kukidai hatuna, kwa hiyo karanga siku hizi tunasaga kwa chupa.

Usidhani nalalamika kwamba hawajifunzi. Wanajifunza mno. Tatizo la Katapila ni kwamba kila anachofundishwa anakifanyia kazi siku hiyo hiyo. Profesa aliwapeleka ziwa Singidani kuhesabu heroe, zoezi gumu kwa sababu heroe hawajui kwamba wanahesabiwa na hawatulii. Akawaeleza kuwa ile rangi ya waridi ndege wale hawazaliwi nayo, inatokana na wanachokula: vijimea na vijidudu vya kwenye maji ya magadi. Katapila alisikiliza kimya mpaka mwisho, na sisi tunaomjua tungepaswa kuogopa. Kulipokucha kopo la nyanya lilikuwa tupu, yeye yuko katikati ya uwanja, mwekundu mdomo na kifua, amesimama kwa mguu mmoja, anasubiri.

Umeme ukikatika usiku Balozi ndiye anayeshika darasa, na hapo Profesa mwenyewe anakaa chini kama mwanafunzi. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakili akadaka, "Yai!" Kwa wengine wote somo lilikwisha. Kwa Katapila ndiyo kwanza lilianza, maana nyumba gani hiyo isiyo na mlango, na watu wake wanatokea wapi? Alfajiri tulisikia ghasia bandani. Kuku huatamia siku 21, na huyu mtetea wetu alikuwa amebakiza chache. Katapila alikuwa chini yake, amedonolewa mikono yote miwili, hajakata tamaa, ameshavunja nyumba kadhaa akiutafuta mlango. Nikamtazama Balozi. Balozi akamtazama mjukuu wake, akatabasamu. "Mkwe, mtoto huyu anafikiri."

"Ndiyo, Mama," nikasema. Ungesema nini?

Lakini kilichonimaliza ni miji. Unajua kanuni: ukishindwa kutegua, unatoa mji. Mtegaji akiuona mdogo anaukataa. Akiukubali anasafiri, anasimulia alivyopokewa, ndipo anatoa jibu. Wakili aliipenda sehemu hii kuliko kitendawili chenyewe. Mkoa wetu una wilaya tano, na nilianza nazo karibu zote. Iramba ilikwenda mapema. Alisimulia alivyofika Kiomboi akapokewa kwa wali na kuku, baba akaachwa stendi analinda mabegi. Mkalama ikafuata. Manyoni akapanda treni, mimi tena nikakosa nauli. Nilipojaribu kutoa Ikungi, Balozi akakohoa. "Ikungi haitolewi," akasema, na hata ungekuwa wewe usingebishana na mkweo juu ya kwao. Profesa anatoa London na Chicago bila kuumia, mtu asiye na mji wake huwa mkarimu sana. CAG hatoi kitu. Singida mjini ameikalia tangu mwanzo, na hajawahi kushindwa kutegua, kwa sababu vitendawili vyote vya mama yake amekua navyo.

Juzi Katapila naye akataka kutega. Kimya kikapita. "Kitendawili!" "Tega!" "Kwa mama kipo, kwa baba hakipo."

Nikajaribu kanga. Siyo. Ufunguo wa stoo? Siyo. Ndevu kinyume chake? Profesa akaniambia niheshimu mtihani. Niliona wote wanaangalia pembeni, hata Balozi amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, nikajua jibu wanalo na hakuna wa kuniokoa.

"Nipe mji," Katapila akasema.

Nilikuwa nimebakiza Itigi. Nikaitoa, pamoja na kituo chake cha reli.

Akafunga safari. "Nilikwenda Itigi, nikanywa soda, nikala biskuti, nikalala. Jibu ni hela."

CAG alicheka mpaka akashika ukuta. Nyumba ilipotulia Wakili akanigeukia, akauliza kama mimi sasa, kwa kuwa sina mji hata mmoja, nitaanza lini kulipa kodi.