Sifa za Saba Mara Nane

Tebo nyingine zimeshasifiwa vya kutosha. Ya pili huimbika, ya tano huishia sifuri au tano, ya kumi hata mtoto wa chekechea huimaliza kabla chai haijapoa. Leo nimsifu mheshimiwa anayeweza kuiharibia nyumba nzima jioni yake: Saba Mara Nane.

Nasaba yake haina doa. Mtazame 24: katika tebo inayoishia kumi na mbili, jozi tatu za wazazi humgombania, 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6. Aibu iliyoje! Hamsini na Sita ana baba mmoja, Saba, na mama mmoja, Nane, basi.

Hana upendeleo. Mtoto akikwama, baba humfokea, huku jicho la pembeni likichungulia jalada la nyuma la daftari. Mama hutoka jikoni kuuliza kulikoni. Akitupiwa swali yeye, hukumbuka ghafla kuwa maharage yanaungua. Dada wa sekondari huanzia saba mara saba, kisha huongeza saba kwa vidole chini ya meza. Nani mwingine awezaye kuwakusanya wote hawa mbali na televisheni?

Wala vyeo havimtishi. Mwaka 1998 Stephen Byers, waziri aliyesimamia viwango vya shule Uingereza, aliulizwa redioni akajibu 54. Mwaka 2014 mtoto alimuuliza George Osborne, Waziri wa Fedha wa nchi hiyohiyo. Mtunza hazina akaona heri asijibu. Kwa hiyo wa darasa la tatu akisema 54, asifinywe sikio. Anafuata kauli ya waziri.

Lakini tumemdhulumu. Tanzania humpumzikia Saba Saba, humpumzikia Nane Nane, namba zinazojizidisha zenyewe na kukumbukwa bila taabu. Saba Nane, aliyewatoa watu jasho kuliko hao wote, hana hata nusu siku. Napendekeza apewe tarehe 8 Julai, maana saba mara nane na nane mara saba ni mamoja, na watoto wataiunganisha na sikukuu ya jana yake. Wizara ikilikataa ombi hili, mhusika aitwe mbele ya kamera aulizwe jibu lake, na asiruhusiwe kuja na daftari.