Baruti Iliyooga Baharini

Biharamulo mjini, anayejua kupima vitu vidogo kuliko wengine ni mnunuzi wa dhahabu. Mezani kwake pana mzani mdogo wenye kifuniko cha kioo, na kipimo chake ni pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Mchimbaji akiingia na punje zake, kabla ya salamu hutazama feni. Feni ikizunguka mzani hucheza, na mzani ukicheza pointi huyeyuka. Basi feni huzimwa, mlango hurudishwa, na wanaume wawili wenye ndevu zao hubana pumzi mpaka namba zitulie. Jasho linalowatoka humo ndani si la joto peke yake.

Mtu huyo angezaliwa Marekani, huenda mzani wake ungepimia baruti. Huko wapiga shabaha wengi hujitengenezea risasi nyumbani: hununua maganda, fataki, vichwa vya risasi na baruti, kila kimoja kwa bei yake, kisha hujifungia stoo Jumamosi nzima. Kipimo chao ni greni, kidogo kuliko pointi. Ratili moja ina greni 7,000, na pointi moja ni kama greni moja na nusu. Kichwa cha risasi cha bunduki ndogo ya milimita 5.56, kile kinachopendwa sana, kina greni 55, sawa na pointi 35 na ushei. Ubishi wao wote, tena wa kununiana, huhusu nusu greni ya baruti. Hiyo ni theluthi ya pointi. Mchimbaji wa Biharamulo angewaelewa mara moja.

Vituko vyao navyo havina ugeni. Feni ipo, simu iliyowekwa karibu na mzani wa umeme ipo, na mtoto anayefungua mlango kuuliza chakula kitakuwa saa ngapi yupo. Swali hilo likiulizwa katikati ya kazi, baba husahau ganda lipi limekwisha kujazwa. Akiliruka moja, fataki yake inaweza kusukuma kichwa cha risasi ndani ya mtutu na kukiacha humo. Akilijaza moja mara mbili, bunduki inaweza kupasuka mikononi. Kwa hiyo mwenye akili humwaga zote na kuanza upya, huku chakula kikipoa.

Kuchagua baruti ni kesi nyingine. Zipo zinazoungua upesi na zinazoungua polepole. Ya polepole mno kwenye ganda dogo hutoka nusu mbichi na kuacha chenga mtutuni; ya upesi mno hupandisha shinikizo kupita uwezo wa chuma. Viwanda huchapisha majedwali ya vipimo, na kanuni ni kuanzia chini ya kile cha juu kabisa, kupanda kidogo kidogo, na kukagua kila ganda linalotoka kana kwamba ni noti ya elfu kumi iliyookotwa stendi. Baada ya miezi ya haya, matundu kwenye karatasi ya shabaha husogeleana kwa upana wa ukucha. Mwenyewe hufurahi mpaka hapati usingizi, na nyumba nzima haioni tofauti yoyote.

Huku kwetu gobore halina jedwali. Gobore lina wazee, na kila mzee ana lake.

Mmoja atasema baruti ishindiliwe kwa mdeki mpaka mkono uume, mwingine atasema ukishindilia hivyo umejitafutia kaburi. Wa tatu hataki kusikia habari za kipimo, anataka kujua mwezi umeandama lini. Katikati ya mabishano hayo mwenye shamba anakaa kibandani usiku kucha, mvua za Ngara zikiteremka kama zilivyozoea, akiwasubiri nguruwe pori na, kukipambazuka, ngedere. Baruti nyeusi haipatani na unyevu. Ikisharabu maji ya hewa, fataki hulia tii, kisha kimya. Ngedere hugeuza shingo, humtazama, na kuendelea na bunzi lake. Kimya hicho ndicho chenye hila, kwa sababu baruti yenye unyevu wakati mwingine haikatai bali huchelewa. Mwenye shamba huteremsha mtutu, huanza kulitukana gobore kwa Kihangaza, na katikati ya tusi gobore hujibu. Kinachopata hasara ni paa la kibanda, kama Mungu amemhurumia. Moshi ukitulia ngedere wamekwisha ondoka, tena na mahindi.

Tukiulaumu moshi huo, tuwalaumu wakubwa wa mwaka 1890. Katika mkataba wa Brussels wa mwaka huo mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Yaliyoruhusiwa, kwa masharti, ni magumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Wakati huohuo kwao walikuwa wanaiaga baruti hiyo, kwani mkemia Mfaransa Paul Vieille alikuwa amegundua baruti isiyo na moshi mwaka 1884. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu yake hubaki yabisi, yaani moshi na masizi. Kwa lugha ya dukani, Afrika ilikubaliwa kununua masizi.

Ila masizi hayo yaliwarudia wenyewe. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliposhuka Tanga, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za muundo wa 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Askari akifyatua moja, wingu humfunika: yeye haoni mbele, na adui aliye mbele anaona vizuri sana mahali pa kulenga. Wajerumani walishinda, nyuki wa Tanga nao wakatoa msaada wao kwa kuzishambulia pande zote bila ubaguzi, na bunduki nzuri walizoziacha Waingereza zikaokotwa kwa shukrani.

Hapo ndipo likaja tukio ambalo wapima baruti wa dunia nzima wangepaswa kulisimulia kila Jumamosi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyosafiri kutoka Ujerumani ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilibeba bunduki zipatazo 1,800, risasi kwa mamilioni, na makaa kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha Rufiji. Manowari ya Waingereza Hyacinth iliifukuza, injini yake moja ikaharibika njiani. Ikaifikia Rubens ghubani na kuipiga makombora. Nahodha Carl Christiansen alikuwa ameiacha meli yake izame kwenye maji ya kina kifupi, moto ukiwaka juu. Waingereza walipouona moto ule, wakahesabu kazi imekwisha, wakaondoka.

Wazamiaji wakaanza kazi. Bunduki zilitoka, risasi zilitoka, na maji ya bahari yalitoka ndani ya risasi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, alieleza baadaye katika kumbukumbu zake jinsi risasi zilivyofunguliwa, baruti ikasafishwa na risasi zikafungwa tena. Hebu fikiri: mamilioni! Mmarekani wa stoo anayelalamika kwa sababu ya maganda hamsini angeomba maji ya kunywa. Hapakuwa na mizani ya kioo wala jedwali la kiwanda, na kila ganda lilikuwa limeonja chumvi kwa kadiri yake.

Kujua ipi imepona kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kufyatua. Wakazijaribu mafungu kwa mafungu. Fungu lenye risasi bubu chache likapelekwa vitani. Lenye nyingi likaachwa kwa mazoezi. Mantiki yake haina kasoro, lakini ina hasara kubwa, maana ili kujua kwamba risasi ni nzuri lazima uimalize. Tena hata lile fungu la vitani lilikuwa na bubu zake. Askari wa vita hivyo alisikia tii ileile anayoisikia mlinzi wa mahindi Ngara, isipokuwa yule aliyekuwa mbele yake hakuwa ngedere.

Biharamulo yenyewe vita viliifikia Juni 1916, Wabelgiji wa Jenerali Tombeur walipovuka kutoka magharibi na kulichukua boma la Wajerumani.

Wawindaji wa Kizungu nao walikuwa na kero yao ya baruti. Kodaiti ya Waingereza, baruti isiyo na moshi, ilipimwa kwenye baridi ya kwao, na ilipopata jua la Afrika shinikizo lake lilipanda. Maganda yakanasa bundukini, jambo lisilopendeza wakati mbogo anakuja. Viwanda vikalazimika kutoa risasi za kitropiki, zenye baruti iliyopunguzwa kidogo. Ni ubishi uleule wa pointi, safari hii ukihesabiwa kwa pembe za mbogo.

Siku hizi mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yameunganishwa. Tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na humo bunduki ya mwindaji haina nafasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo haimruhusu mtu kujitengenezea silaha au risasi bila kibali, hata awe na mzani mzuri kuliko wa mnunuzi wa dhahabu. Kwa hiyo wewe wa Rulenge, Murusagamba au Nyakahura uliyerithi gobore la babu darini, usiliguse kwa majaribio, kwa sababu hujui mzee alilishindilia nini wala lini. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ueleze, uwaachie wao kazi ya kulishusha.