Wati Elfu Tatu na Jeki Moja

Aliyebuni pikapu hakuwa mpenzi wa muziki. Tazama Hilux ya kabini moja: nyuma ya kiti kuna upenyo wa kutosha jeki, spana ya gurudumu na labda gazeti la jana. Milango ni bati tupu, linalia lenyewe hata kabla hujafunga spika. Na redio, kama gari lilitoka Japani na umri wake, inaanzia 76 na kukomea 90, maana ndiyo yaliyokuwa masafa ya kwao. Stesheni zetu huku zinatawanyika kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo unasikiliza zile chache zilizobahatika kuangukia chini ya 90, upende usipende. Kuna kipindi nilizijua bei za mahindi za mikoa yote, si kwa kuwa nalima, bali kwa kuwa stesheni iliyozitangaza ndiyo pekee iliyokuwa inashika.

Kubadilisha redio ni kazi ya asubuhi moja, na watu wenye akili huishia hapo. Kinachokuponza ni kwamba redio mpya inaanza kukuonyesha ubovu wa spika ulizokuwa nazo. Unabadilisha spika. Spika mpya nazo zinalalamika kwamba redio haina nguvu ya kuzisukuma, basi unatafuta amplifaya. Ukishapata amplifaya, kuna rafiki atakaa kwenye kiti cha abiria, atasikiliza wimbo mzima akiwa amefumba macho, kisha atasema kwa huruma, “Bezi hamna.” Rafiki huyo hatakuchangia hata shilingi.

Amplifaya nilinunua Kariakoo. Juu yake imeandikwa 3000W kwa maandishi mekundu, makubwa kuliko jina la kiwanda. Nikaigeuza nikaona imechomekwa fyuzi ya ampea 30. Sasa gari likiwa linaunguruma, betri inapokea kama volti 14. Zidisha kwa 30, unapata 420. Na hizo ndizo inazokula, wala si zote zinazofika kwenye spika, maana nyingine zinaishia kuwa joto. Nikamuuliza muuzaji wati nyingine zaidi ya elfu mbili zinatoka wapi. “Bosi, hizo ni za kilele.” Kilele cha nini? Akanitazama kwa upole, akanifungia mzigo kwenye mfuko mweusi.

Fundi wa Gerezani aliyekuja kukagua kazi hakucheka, na ndicho kilichonitisha. Waya wa moto ulitoka kwenye betri, ukapenya tundu la bati kati ya injini na kabini, ukapita chini ya kapeti hadi nyuma ya kiti, na huko mwisho, jirani kabisa na amplifaya, ndiko fyuzi ilikokaa. Akaifuata safari hiyo kwa kidole. “Kaka, fyuzi inakaa huku kwenye betri. Haiilindi ampu, inalinda waya. Hili bati likishaula huu mpira wa waya, wewe uko ndani, na mlango wako wenyewe naona haufunguki vizuri.” Akalivisha tundu raba, akahamisha fyuzi, akanitoza bei ya kawaida. Ule ushauri wa mlango ulikuwa wa bure.

Mluzi ndio uliotuchelewesha. Kila nikikanyaga mafuta, spika zilitoa sauti nyembamba iliyopanda na injini, nikiachia, inashuka. Shemeji yangu aliposikia mara ya kwanza alinipa mkono. “Kumbe umefunga tabo!” Sikuona haja ya kumkatisha raha, na kwa muda mtaani heshima yangu ilipanda. Kumbe ulikuwa umeme wa alteneta unapita mlango wa nyuma. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwenye bolti iliyopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Fundi akachukua msasa, akasugua duara dogo kama sarafu mpaka bati likang’aa jeupe, akalibana jicho la waya hapo, kisha akatenganisha nyaya za sauti na waya wa moto, hizi kulia, huu kushoto. Tabo ikafa palepale. Shemeji hadi leo anaamini niliiuza.

Kuhusu milango nitasema kwa kifupi. Kuna shuka maalumu za kubandika ndani ya bati ili lisitetemeke, na bei yake ni maalumu vilevile. Na kuna lami ya kuzibia mapaa, ambayo ni rahisi, inanata, na kwa baridi ya Lushoto ingefaa sana. Dar es Salaam mwezi wa pili, gari likiwa limeegeshwa juani, lami hiyo ilikumbuka asili yake ikaanza kutiririka. Kioo nilichokishusha asubuhi kilipanda mchana kikiwa na mistari myeusi, kikasimama nusu, na hapo ndipo kilipo.

Boksi la sabufa lilichongwa na seremala kwa MDF ya milimita 18, likaingia nyuma ya kiti kwa kusukumwa na watu wawili. Kiti kikasogea mbele. Magoti yangu yakakutana na usukani, na kila kona ilihitaji ruhusa yao. Mke wangu alipanda mara moja, akapima kwa macho, akauliza, “Baba Zuhura, hili boksi litakuwa linalipa kodi?” Jeki ilibaki palepale pake, nyuma ya boksi. Boksi lilikazwa kwa skrubu ndefu ili lisicheze.

Tulikuwa tunatoka Muheza na machungwa, tumeshaipita Mkata, tairi la nyuma lilipopasuka. Vijana waliokuwa wanauza mkaa kando ya barabara walikuja na moyo wote, wakaomba jeki. Kutoa jeki kulimaanisha kutoa kiti, kisha skrubu, kisha boksi, ambalo tuliliweka kwenye nyasi likiwa bado limeunganishwa na nyaya zake. Mmoja akaomba tujaribu kidogo. Nikawasha redio.

Sijawahi kulisikia likilia vile. Kule ndani lilikuwa linabanwa na mgongo wangu. Hapa lilikuwa na pori zima la kujitanua. Nati za gurudumu zilikuwa zimekazwa na mashine ya gereji, kazi ikawa ndefu, na hakuna aliyeona sababu ya kuharakisha. Mama mmoja aliteremka kwenye bodaboda akasimama kusikiliza, akanunua na mkaa.

Tairi likakaa, boksi likarudi, kiti kikarudi. Nikapiga swichi: tii. Taa za dashibodi zikafifia zikanitazama. Vijana wakaacha mkaa wao tena, wakajipanga nyuma ya bodi, na pikapu yenye machungwa ya kufika juu ya mbao ikaanza kusogea polepole, mimi nikiwa gia ya pili nasubiri mwendo.

“Bosi,” akauliza aliyekuwa ameweka bega upande wangu, akihema, “hii muziki wati ngapi?”

Nikamwambia elfu tatu.

“Ndiyo maana,” akasema, akaendelea kusukuma.