Misumari ya Baba Nasra

Mume wangu hununua mchele, hununua saruji, hata maji ya kunywa hununua, lakini mbao hanunui. Yuko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na miaka yote hiyo ya kutazama makontena yakifunguliwa imemjengea imani kwamba mbao ni kitu kinachoachwa nyuma mzigo ukishaondoka. Kwa hiyo nilipomwomba shelfu ya genge langu la barazani, ya kupangia unga, sabuni na mafungu ya nyanya, na fundi wa Keko akataja bei yake, Baba Nasra hakubishania bei. Alicheka tu. Kicheko hicho nakijua. Mara ya mwisho kilituletea tangi la maji lisilo na kitako.

"Mama Nasra," akaniambia, "mbao za bure zimejaa kule viwandani barabara ya Nyerere. Watu wanapikia ubwabwa."

Kirikuu ikaingia uani jua likizama, imebeba paleti tano. Nyumba yetu ni ya kupanga, hapa Temeke: vyumba sita, korido katikati, na nyuma kuna bomba moja, kamba za kuanikia, majiko ya mkaa na pikipiki ya kijana wa chumba cha mbele. Ua ni wa wote, maana yake hauna mwenyewe mpaka mtu aweke kitu chake. Baba Nasra aliweka paleti. Kabla hajamaliza kuzishusha, Mama Shabani alikuwa ameshatoka, kanga kiunoni, kuuliza nguo zake ataanika wapi.

Hakujibiwa. Mwenye mali alikuwa amewasha tochi ya simu, anasoma mihuri. Nimpe haki yake: kwenye mihuri mume wangu ni mwanachuoni. Nne zilikuwa paleti za Ulaya, akatueleza sisi na watoto wa jirani, na paleti ya Ulaya ina kipimo kimoja popote itokapo: mita 1.2 kwa sentimita 80, mbao 11, vitalu 9, misumari 78. Suke la ngano lililochorwa ubavuni linasema mbao imetibiwa kwa kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002, ili wadudu wa msitu wa nchi moja wasipande meli kwenda kula msitu wa nchi nyingine. Herufi HT zinasema imetibiwa kwa joto, mpaka kiini cha ubao kikafika nyuzi 56 na kukaa hapo dakika 30.

"Na ile ya tano?"

Ya tano haikuwa na ukoo. Ilikuwa na doa jeusi la kitu kilichomwagika, na herufi zake zilikuwa MB. Ikabidi nimbane ndipo anitafsirie: methili bromaidi, gesi ya kuulia wadudu, ile ambayo Mkataba wa Montreal uliibana kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Nikasema unga wangu haulali juu ya hiyo. Akasema gesi ilishapeperuka zamani. Nikasema basi ailalie yeye. Dereva wa kirikuu, mtu wa busara, hakuwa amezima injini. Paleti ikarudi ilikotoka, na mimi nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari langu la madeni, nikaandika juu yake "Mbao za Bure", na chini yake nauli ya kuja na ya kurudi.

"Imebaki misumari 312," Baba Nasra akasema, sauti ya mtu aliyesomewa mirathi. "Tunaing'oa, tunainyoosha, tunaipigilia tena. Hata msumari hatununui."

Msumari wa dukani tunaoujua sote ni laini. Umeingia kwa nyundo, unatoka kwa makucha ya nyundo hiyo hiyo, unalalamika kidogo na yameisha. Msumari wa paleti si ndugu yake. Shina lake limesokotwa, na unapoingia hujizungusha ndani ya ubao ukajifunga humo. Tena umepigwa kwa mashine ya upepo, kichwa kimezama, makucha hayana pa kushika. Na una sababu zake. Paleti ile imetengenezwa kubeba kilo 1,500, kunyanyuliwa na foko huku na kule, kusukwasukwa baharini, kulowa na kukauka. Msumari laini ungeshaachia mzigo haujafika Suez. Aliyeubuni aliyawaza yote hayo. Mtu wa Temeke mwenye nyundo ya kuazima hakumuwaza.

Baba Nasra alianza kwa kuchimba pembeni mwa vichwa vya misumari kwa kisu changu cha kukatia nyama, akakivunja ncha. Akaenda gereji ya jirani akarudi na mtaimbo. Akauchomeka chini ya ubao, akaulalia kwa uzito wake wote, na ubao ukatoa mlio ambao kuku wa mtaa wa pili waliusikia. Akashangilia. Kumbe kilichoachia ni ubao wenyewe: umepasuka kutoka ncha hadi katikati, vipande viwili, na misumari imesimama palepale kwenye kitalu, mizima, vichwa juu. Msindano uliokauka ndivyo ulivyo, hasa pale mwishoni ambako misumari imepigwa karibu na ukingo. Akajaribu ubao wa pili kwa upande mwingine, ukapasuka kwa upande huo mwingine. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi tukagundua kwamba baadhi ya vile vitalu si mbao bali ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Vilikuwa vimeumuka mfano wa maandazi.

Kazi ilihamia usiku, kwa sababu mchana yuko bandarini. Sijui kama umewahi kusikia msumari uliosokotwa ukitolewa kwenye ubao mkavu saa nne usiku. Unalia. Mtoto wa chumba cha pili akawa anaulilia naye.

Halafu ikaja habari ya pikipiki. Kijana wa chumba cha mbele ana adabu, na hasira yenye adabu ndiyo mbaya kuliko zote. Alibisha hodi alfajiri.

"Shikamoo, Mama Nasra. Samahani sana, mzee ameshaamka?"

Kwenye kiganja chake kulikuwa na msumari, umesokotwa vizuri, hauna hata kutu. Tairi la nyuma. Nikalipia pancha, nikaandika. Haikupita muda akarudi na shikamoo nyingine: tairi la mbele. Mara hii alikuwa ameuweka msumari kwenye karatasi, kama ushahidi. Kabla sijaifunga kalamu, Mama Shabani akakanyaga wa kwake, ukapita kwenye ndala mpaka kwenye nyama. Hapo utani ukaisha. Msumari uliolala kwenye mchanga wa uani, kwenye nyumba ya kuku na watoto, si wa kuusugua kwa chumvi na kusema pole; pepopunda haina mzaha. Tulimpeleka zahanati akasafishwa kidonda, akachomwa sindano. Njiani kurudi, kwenye bajaji, hakunisemesha hata neno. Alimsemesha dereva, kwa sauti ya kunifikia mimi.

Baba mwenye nyumba akaja. Aliketi juu ya paleti, kwa kuwa viti vilikuwa vimezibwa na paleti.

"Baba Nasra, mimi nimekupangisha chumba. Karakana sikukupangisha."

Akampa mpaka mwisho wa mwezi.

Katikati ya hayo ndipo mama mkwe alipoingia kutoka Mafinga. Tulimpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, na kiroba chake cha maharage na ndoo ya viazi. Sasa mfikirie mtu huyu: amezaliwa na kukulia Mufindi, karibu na shamba la miti la Sao Hill, ujana wake amewapikia wapasuaji mbao kambini, halafu anafika kwa mwanawe Dar es Salaam anakuta rundo la msindano limepangwa kama posa. Alilisalimia. "Kamwene," akaliambia, akicheka. Kisha akainama, akaunusa ubao mmoja, akaukwaruza kwa ukucha.

"Hizi si za kwetu."

"Za Ulaya, mama," Baba Nasra akajibu. "Za bure."

Mama mkwe aliangalia zilizopasuka, akamwangalia Mama Shabani na bandeji yake, akaangalia daftari langu, ambalo nilikuwa nimelisahau wazi mezani kwa makusudi. Hakusema kitu mpaka kesho yake mwanawe alipokwenda kazini. Ndipo akaomba kigoda, shoka, vipande viwili vya mti mgumu na wembe wa msumeno wa chuma. Wembe mtupu, bila fremu. Akauzungushia kitambaa upande mmoja ili upate mshikio. Kabari mbili akazigongomea taratibu kati ya ubao na kitalu, mpaka ukapatikana mwanya wa kupitisha wembe na si zaidi. Akaanza kukata misumari humo humo ndani, mmoja mmoja, bila haraka, huku ananihadithia misiba ya Mafinga. Ubao ukaachia mzima. Vilivyobaki ndani yake vilikuwa vichwa na vijiti vifupi. Aliugeuza, akavigonga kwa tindo kutokea chini, vichwa vikachomoza upande wa pili, nami nikavichomoa kwa koleo.

Baba Nasra aliporudi alikuta mbao nzuri zimeegemezwa ukutani. Ungetegemea afurahi. Aliokota kijiti cha msumari uliokatwa akakiinua kwenye mwanga.

"Mama, umeua misumari."

Ugomvi wao wa jioni ile nilikuja kuuona kuwa ndiyo kesi yenyewe yote, na hadi leo nashangaa kwamba hakuna aliyeisema mapema: kwenye paleti unaokoa ubao au unaokoa msumari. Ukiukata msumari, ubao unatoka salama. Ukiutaka msumari mzima, lazima ubao upasuliwe kuuzunguka. Mwanangu anataka vyote viwili, mama mkwe akasema, tangu utotoni yuko hivyo, alikuwa anataka kula muwa na kuuza muwa. Wakagawana. Mama akaendelea kukata apate mbao. Mwana akachukua shoka na vitalu, akawa anavipasua vipande vipande kuifuata misumari iliyobaki mizima, na watoto wa nyumba nzima wakaketi kuinyoosha juu ya jiwe. Vidole vilivyopondwa sikuviandika. Kopo la maziwa ya unga likaanza kujaa.

Aliyemaliza tatizo la mchanga ni Nasra. Siku moja tulimwona anavuta kamba uani, mwisho wa kamba kuna duara jeusi zito, na duara limeota manyoya ya misumari. Ilikuwa sumaku ya spika. Alipita nayo chini ya kamba za nguo, kando ya bomba, kuizunguka pikipiki mara nyingi kwa heshima ya mwenyewe. Mbali na misumari ilitoka na vibanio vya nywele, vifuniko vya soda, na ufunguo wa kabati la Mama Shabani uliopotea tangu Ramadhani. Mama Shabani akanisemesha. Hakuna aliyeuliza spika imetoka wapi mpaka siku ya Simba na Yanga, Baba Nasra alipoiweka redio yake barazani, akaiwasha, akaipiga kofi, akaitikisa, akaifungua nyuma. Nasra alikuwa ameshahamia nyuma ya gauni la bibi yake, na pale nyuma hakuna baba anayefika.

Mbao tukazipeleka Keko zipigwe randa. Fundi alizitazama kwa mbali.

"Za paleti hizo? Kwenye mashine yangu hazipiti."

Baba Nasra akaapa hazina msumari. Fundi akaomba sumaku, Nasra akaitoa kwenye mkoba wa shule, ikapitishwa juu ya ubao wa kwanza, ikang'ata. Kijiti kimoja kilichovunjikia ndani, huwezi kukiona, na visu vya mashine vikikutana nacho kwa mwendo ule vinabanduka meno, kazi ya watu wengine inasimama. Fundi hakuwa na kosa. Tukarudi nazo, tukazisugua kwa msasa, mikono mitupu, wapangaji wote. Hata kijana wa pikipiki alitoa nusu saa yake. Nilipojumlisha ukurasa, bei ya fundi wa Keko, ile iliyochekwa, ilikuwa imeshapitwa, na shelfu bado haijasimama. Daftari nikaliacha wazi mezani tena.

Siku ya mama mkwe kuondoka, kiroba kilichokuja na maharage kilikuwa na kitu kizito kinachogongana. Baba Nasra akakifungua. Kopo la maziwa ya unga, limejaa hadi mdomoni.

"Mama, hii nilikuwa nimeipangia kazi."

"Na mimi nimeipangia," akasema mama yake, akikifunga upya. "Banda langu la kuku limeezuliwa bati mara mbili. Upepo wa kwetu unaujua. Hii iliyosokotwa haitoki."

Kijana wa pikipiki ndiye aliyempeleka stendi. Kabla hajamruhusu kupanda, alikishika kiroba, akakikagua pande zote, akakifunga kwa mpira mara mbili.

Baba Nasra akarudi uani. Akazipanga mbao zake chini kwa umbo la shelfu, akapima kwa shubiri, akachora kwa kipande cha mkaa, akainua nyundo. Akaiteremsha. Akaangaza huku na huku kwenye mchanga ambao binti yake alikuwa ameusafisha usibaki msumari hata mmoja. Akaja barazani, akasimama pembeni ya nyanya, akawa anazigeuzageuza.

"Mama Nasra, huna hela ya nusu kilo ya misumari?"

"Ya inchi ngapi?"

"Mbili," akasema. "Ile laini."