Jinsi ya Kupata Uzamili Ukiwa Huoni Vizuri na Husikii Vizuri, Bila Kumuudhi Mtu

Hongera, umedahiliwa. Kwenu Mgololo, ambako kiwanda hugeuza misindano ya Mufindi kuwa karatasi, karatasi ni riziki. Chuoni ndiyo utakayopambana nayo kwa miaka miwili. Fuata hatua hizi na utahitimu, au angalau hutaitwa mkorofi.

1. Chagua ulemavu mmoja. Fomu ya chuo ina visanduku viwili, “asiyeona” na “kiziwi”, na unatakiwa uweke alama kwenye kimoja. Ukichagua cha kwanza utapewa mihadhara iliyorekodiwa, ambayo huisikii. Ukichagua cha pili utapewa mkalimani wa lugha ya alama, atakayesimama mbele kabisa ya ukumbi, chini ya taa iliyokufa, nawe utamwona kama nguo iliyoanikwa. Vyote ni vizuri, ila kwa mtu mwingine. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kinawataja viziwi wasioona kwa jina lao. Usikitaje wiki ya kwanza. Subiri wakuzoee.

2. Ukishika fimbo, ficha simu. Kuna watu huzaliwa na usikivu hafifu, kisha wakiendelea kukua macho huanza kufifia. Kwanza huondoka uoni wa usiku, halafu wa pembeni, hadi kinabaki kitundu katikati. Madaktari huiita sindromu ya Usher. Kwa kitundu hicho unasoma ujumbe wa simu vizuri tu, halafu unapiga teke ndoo iliyo mbele ya miguu yako. Hili umma hauwezi kulisamehe. Ukionekana stendi ya Mafinga una fimbo mkono huu na simu mkono ule, abiria wote wanageuka jopo la madaktari wa macho, na hukumu hutoka kabla basi halijajaa: mwongo huyo. Basi jitahidi. Uwe kipofu kabisa au uwe mzima kabisa, watu wapumzike.

3. Amkia kila kivuli. Jioni Mgololo wazee hupita, na wewe huwaoni wala huwasikii wakikohoa. Ukimpita mzee kimya, habari zitafika kwa mama yako kabla hujavua viatu: chuo kimemharibu, siku hizi hasalimii. Dawa ni shikamoo kwa chochote chenye kimo. Nguzo ya umeme haitaitikia, na ng'ombe hana kinyongo. Tatizo ni mtoto wa darasa la tatu atakayejibu “marahaba” kwa sauti nzito, nawe ukaendelea kumwuliza kwa unyenyekevu mahindi yamefikia wapi.

4. Mvua ikinyesha, itikia kwa kichwa. Shimesikio halichagui. Hukuza sauti ya msimamizi wako, kiti kinachoburuzwa, na kila tone linaloanguka juu ya bati. Masika ya nyanda za juu yakianza semina ikiendelea, ndani ya sikio lako kuna lori linamwaga kokoto. Kusema “samahani, rudia” mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni usumbufu, na mara ya tatu utajibiwa “achana nayo, si muhimu.” Kwa hiyo itikia kwa kichwa, tabasamu kidogo. Hasara yake ni ndogo: utagundua wiki inayofuata kwamba ulikubali kuwa katibu wa kikundi, na kazi yako ni kuandika kila kinachosemwa.

5. Kakusanyie data penye kelele. Nenda kwenye mashine za kupasulia mbao. Msumeno ukiwaka, hakuna anayesikia, na mafundi wamejitungia ishara zao: viganja viwili kwa upana wa ubao, ngumi kwa kusimamisha, kidole kooni kwa kuzima. Wanagusana bega kabla ya kusema jambo. Hakuna aliyeunda kamati wala kuomba bajeti. Kaa hapo uone raha. Ukirudi chuoni ukaomba uguswe bega kabla ya kusemeshwa, utaambiwa ombi lako litajadiliwa kikao kijacho.

6. Mpokee Helen Keller kwa mikono miwili. Utaletewa kila unapoomba kitu. Alikuwa haoni wala hasikii, wataanza, na bado alihitimu chuo cha Radcliffe, Marekani, mwaka 1904! Ni kweli tupu. Wewe uliza kwa upole kama wanamjua Anne Sullivan, mwalimu aliyekaa naye darasani akimwandikia mihadhara kiganjani, herufi kwa herufi. Mwujiza ule ulikuwa na mshahara. Hapo mazungumzo huhamia kwenye hali ya hewa.

7. Mpe msindikizaji wako heshima zake. Ukienda naye ofisini, yeye ndiye atakayeulizwa jina lako, mada yako, na kama unakunywa chai. Mfundishe jibu moja: “Sijui, mwulize mwenyewe.” Karani akikugeukia, atapiga kelele. Mwonyeshe kalamu nene na karatasi nyeupe.

8. Siku ya utetezi, usitoe ushuhuda. Vaa vizuri, omba maswali yaandikwe, kaa mgongo ukiwa dirishani ili mwanga uwaangukie wao. Swali la kwanza halitahusu utafiti. Litakuwa: “Hebu tuambie, uliwezaje?” Macho yatakuwa yameshaanza kulengwalengwa. Jibu: “Mbinu za utafiti ziko sura ya tatu.” Kisha subiri wafungue. Ukiona wanasogeza kurasa mbali, wanazirudisha karibu, na profesa anapapasa mfukoni akitafuta miwani, wahurumie. Toa kwenye mkoba nakala ya maandishi makubwa, umkabidhi, na umwambie asione aibu. Mahitaji maalumu yanaweza kumpata yeyote.